Ndoa ya Bomani, Kaburi la Halmashauri

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Mkude huko Morogoro. Nilipanda treni asubuhi pale Soga, nikakaa dirishani, na kabla sijamaliza kusoma salamu za rambirambi kwenye simu nikasikia tunatangaziwa kushuka. Zamani safari hiyo ilikula siku nzima na nguo zilifika na rangi nyingine. Msibani palijaa. Baada ya misa mtu wa kipaza sauti akauliza kama kuna aliyefanya kazi na marehemu Kisarawe, aje aseme maneno mawili. Wenzangu wote wa bomani wametangulia, nimebaki mimi. Nikasimama, nikashika kipaza, nikasema, "Marehemu ndiye aliyenifungisha ndoa," kisha nikakirudisha kipaza. Nikarudi kukaa. Baadaye, tukiwa kwenye foleni ya pilau, mjukuu wake mmoja wa kike akaniuliza kwa upole, "Babu, na ndoa yenyewe ilidumu?" Nikamwambia, "Miezi saba." Akacheka akidhani namtania, kisha akaniangalia usoni, akaacha.

Nimekaa na swali la yule binti mpaka leo. Mke niliye naye nyumbani kwangu Kwa Mathias, mama wa watoto wangu, anajua kwamba kabla yake alikuwapo mwingine, na kwa heshima yake hajawahi kunichimba. Watoto hawajui. Nimeona niandike sasa, maana waliokuwa wanaweza kunisahihisha wameisha, na hilo linanitisha kuliko linavyonipa uhuru.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, karani wa masjala katika ofisi ya wilaya, Kisarawe. Masjala ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja, mafaili yamefungwa kwa kamba mpaka darini, harufu ya gundi, vumbi na popo. Saa nne tulikunywa chai ya rangi kwa mihogo ya kukaanga, tumekaa juu ya masanduku ya mafaili yaliyofungwa. Mwaka ule mihadhara ya kulumbana dini ilikuwa imepamba moto kila mahali. Watu walipanga vitabu vyao mezani, wakafunga spika, wakakosoana imani mpaka jua linazama, na kesho yake majirani waliokuwa wakiazimana ungo wakapitana bila salamu. Ikaja barua kutoka juu, nikaichapa kwenye stensili na kuzungusha nakala nyingi mpaka mkono ukafa ganzi. Ilisema serikali haina dini, kila raia anayo haki ya kuabudu apendavyo, na asiwepo wa kumkashifu mwenzake. Nakala moja niliibandika mwenyewe kwenye mlango wa masjala.

Chai ya siku hiyo naikumbuka kwa sababu ya maneno ya dereva wetu, Mzee Binda. Alisoma ile barua, akarudi kukaa, akasema, "Bwana Mkude, mimi sijaelewa. Kama haina dini, mbona mikutano yote inafunguliwa kwa dua ya sheikh na sala ya padri? Hapo ina dini mbili." Bwana Mkude, ambaye ndiye aliyekuwa akiandikisha na kufungisha ndoa za kiserikali pale bomani, alikuwa mtu mnene, mtaratibu, mwenye kufuta miwani kabla ya kujibu lolote. Akafuta. "Binda, serikali ni kama ukumbi. Ukumbi hausali. Wanaosali ni wanaoingia." Binda akatafuna muhogo wake, akasema, "Na siku ukumbi ukiwa mtupu?" Tulicheka wote. Mimi nilicheka lakini yale maneno ya ukumbi yaliniingia. Nilikuwa nimechoka na spika za mihadhara, na nikawaza kwamba kumbe kuna mahali katika nchi hii ambapo mtu anaingia na kuulizwa jina tu. Nikayapenda maneno yale kuliko alivyoyapenda aliyeyasema. Hapo ndipo lilipoanzia kosa langu, kama lilikuwa kosa.

Wiki hiyohiyo akaja mwalimu mgeni kufuatilia faili lake. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa raba za kiume. Nikampa fomu. Akaandika jina, Leokadia, akaandika kabila, Msukuma, akafika kwenye dini, akainua kalamu.

"Kaka, hii barua mliyobandika mlangoni inasema serikali haina dini. Sasa yangu mnaiulizia nini?"

"Ni kwa ajili ya kumbukumbu tu, dada."

"Kumbukumbu za nani?"

Nikamwambia aiache wazi. Akaniangalia kama mtu aliyetegemea ugomvi akakuta kiti. Alirudi mara tatu kwa faili ambalo halikuwa na tatizo lolote, na mara ya nne sikumsubiri aje, nikamfuata shuleni kwake.

Wazazi wake walikuwa Magindu, wafugaji waliohamia Pwani na ng'ombe wao, watu wa kanisa, baba yake mzee wa kigango. Wangu walikuwa Maneromango, baba akilima na kuuza nazi, na hakupata kukosa swala ya jamaa tangu nimjue. Tulijua tunachokifanya. Tulikaa mara nyingi kwenye benchi la nyuma ya shule tukijadiliana nani abadili, na kila mara tuliishia palepale. Yeye alisema, "Nikibadili kwa ajili yako nitakuwa nimemdanganya Mungu wako na kumwacha wangu." Mimi nilisema vilevile kwa maneno mabovu zaidi. Ndipo nikamwambia habari ya ukumbi. Sheria ya ndoa ilituruhusu. Tukapeleka maombi kwa Bwana Mkude, naye akanipa tangazo nichape, nikalichapa, nikalibandika kwenye ubao wa matangazo, jina langu na lake, likae siku ishirini na moja ili mwenye pingamizi ajitokeze.

Baba hakujua kusoma hati za serikali, lakini walikuwapo wa kumsomea. Alikuja siku ya tisa amevaa kanzu yake ya Idi. Hakupita masjala. Aliingia moja kwa moja kwa Bwana Mkude, na mlango ule haukufunga vizuri, nikasikia kila neno.

"Wewe ni mtu mzima mwenzangu," baba alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Una watoto?"

"Sita."

"Ungekuwa mimi?"

Nikasikia miwani ikiwekwa mezani. Kisha Bwana Mkude akasema, "Ningekuwa wewe ningelia nyumbani, mzee wangu. Nisingekuja hapa. Hapa nikikusikiliza wewe leo, kesho nitamsikiliza mwingine dhidi yako."

Baba alitoka. Alipita mbele yangu, nikasema, "Shikamoo, baba." Akaitika "Marahaba" kwa sababu hakuweza kuiacha shikamoo bila jibu, hata yangu, akaenda zake. Kutoka Magindu hakuja mtu. Ililetwa salamu moja tu na dereva wa lori: mwambieni asirudi. Siku ya ishirini na mbili tukafunga ndoa ofisini, saa tano asubuhi, mashahidi wakiwa Mzee Binda na mpiga chapa wetu, juu ya meza ambayo Bwana Mkude aliiondolea mafaili kwa mikono yake. Leokadia alivaa gauni la kijani. Cheti niliandika mimi mwenyewe kwa sababu ndimi niliyekuwa na mwandiko mzuri.

Tulipanga chumba kwa Mama Zena, mjane mmoja wa mjini pale. Kuta hazikufika darini. Ulisikia mtu wa chumba cha tatu akipiga chafya, na yeye akakusikia ukimwambia pole. Ukutani tulitundika kalenda mbili, yangu yenye miezi ya Kiislamu na yake yenye sikukuu za watakatifu, misumari miwili, karibu karibu. Mwaka ule Ramadhani iliingia ndani ya Kwaresima. Tukafunga wote wawili. Alijifunza kwa Mama Zena kupika magimbi kwa nazi na uji wa pilipili manga, nami niliporudi kazini nilimkuta anakuna nazi kwenye mbuzi huku midomo imekauka, anasubiri adhana ambayo si yake ndiyo tule pamoja. Ijumaa hakugusa nyama, nami sikumletea. Nilisikia wapangaji wakijadili uani: "Sasa yule anafunga ya nani?" Mwingine akajibu, "Anafunga ya mumewe." Mama Zena akawakatiza, "Njaa ni yake. Mwacheni." Leokadia alikuwa kitandani karibu nami, akaniziba mdomo nisicheke.

Ninapotaka kuwa mkweli najiuliza kama tulikuwa na furaha, au tulikuwa tumeshinda tu. Tulizungumza mno habari za kushinda. Jumapili alikwenda kanisani akakaa viti vya nyuma, asiende kupokea komunyo, kwa sababu ndoa yetu kule haikuhesabiwa. Ijumaa nilikwenda msikitini, nikasikia mguu wa jirani ukisogea kidogo mbali na wangu kwenye safu. Tukarudi chumbani, tukasimuliana, tukacheka, tukajiona watu wa kesho. Siku moja aliniuliza, "Shomari, hivi sisi tukiumwa, nani atakuja kututazama?" Nikasema, "Mama Zena." Akasema, "Na Mama Zena akiwa safarini?" Nilikasirika. Nilimwambia haamini tulichokifanya. Akaendelea kuchambua mchele.

Likizo ya katikati ya mwaka mama yake akamwita. Alimtumia mtu kwa siri kwamba mzee amekwenda mbali na ng'ombe kutafuta malisho, aje waonane. Nilimsindikiza mpaka alipopanda gari, amebeba kilo mbili za sukari na doti ya khanga ya mama yake. Alisema wiki moja. Ziligeuka tatu, maana mzee alirudi, akamkuta, na hakumfukuza, hakumsemesha tu. Aliniandikia barua fupi: baba hanisemeshi lakini jana alinipitishia kibuyu cha maziwa. Barua ile ilinifikia siku tatu kabla ya simu.

Simu ilipigwa polisi, polisi wakatuma mtu bomani. Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Walimtoa Magindu juu ya gari la mkaa, wakamfikisha hospitali upande wa Kibaha, sitaitaja maana walifanya walichoweza. Mzee Binda alinipeleka na gari la ofisi bila kuomba ruhusa kwa mtu. Tulifika saa sita mchana. Muuguzi aliniuliza mimi ni nani, nikasema mume, nikatoa cheti. Akakisoma chote, akaniketisha, akanishika bega. Leokadia alikuwa amekufa tangu alfajiri.

Baba yake alikuwa barazani na kaka zake na katekista wao. Mama yake alikuwa amekaa chini sakafuni, miguu ameinyoosha, kichwa kimefungwa kitambaa, haangalii popote. Hakuna aliyenisalimia. Alasiri akafika baba yangu, sijui nani alimpelekea habari, na ami yangu na sheikh wa mtaa wetu, wamebeba sanda. Nilipoiona ile sanda nililia kwa mara ya kwanza. Nilidhani baba amekuja kuniokoa.

Tukakaa kwenye chumba cha mganga wa zamu, kijana kama mimi, na mezani kwake amefungua daftari la vyumba vya wagonjwa. Alisema maiti hukabidhiwa mume, na mume ni huyu mwenye cheti. Kisha, kalamu mkononi, akaniuliza, "Marehemu alikuwa dini gani? Naandika tu." Watu wote wakanitazama. Nikasema alikuwa Mkristo. Sheikh akainamisha kichwa. Alikuwa mtu mwema, sitaki asomwe vibaya hapa. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hakuwahi kutamka shahada? Hata chumbani kwenu, ninyi wawili? Ukiniambia alitamka, wewe ni mumewe, mimi nitakuamini, na tutamwosha na kumswalia leo hii. Kama hakutamka siwezi kumvika ambacho hakukitaka."

Baba akaomba nitoke naye. Nyuma ya jengo palikuwa na bomba linalovuja na akina mama wakifua. Akanishika mkono wa shati, kitu ambacho hakukifanya tangu nibalehe.

"Sema alisilimu. Neno moja, mwanangu. Dhambi yake nabeba mimi."

"Hakusilimu, baba."

"Najua hakusilimu! Nani hajui? Nimekuja na sanda, Shomari. Nimemeza aibu yangu nimekuja na sanda. Unataka nirudi nayo?"

Nilimwambia siwezi kumsingizia aliyekufa. Nilisema kwa sauti nzuri kabisa, kama mtu anayejibu maswali ya usaili. Baba akaniachia mkono wa shati.

Tuliporudi, katekista naye alikuwa na lake. Alizungumza kwa niaba ya mzee, maana mzee hakutaka kunisemesha. Wao wako tayari kumchukua Magindu na kumzika kwa sala zote. Lakini padri atauliza binti alikuwa akiishi na nani, na mzee hawezi kumpokea mwanawe kutoka mkononi mwa mtu asiyewahi kubisha hodi kwake. Basi niandike kwamba hapakuwa na ndoa. Kwamba cheti ni karatasi ya kiofisi tu, na Leokadia amekufa binti wa baba yake. "Hakuna atakayekushitaki," alisema. "Unaandika mistari miwili, tunaondoka naye jioni hii."

Kila upande ulitaka uongo mmoja, na kila uongo ulikuwa mdogo. Kwa uongo wa kwanza angezikwa Maneromango, karibu na mimi, chini ya minazi ya baba. Kwa wa pili angezikwa Magindu, karibu na mama yake. Nilikataa huu na ule. Nilisema yule ni mke wangu na alikuwa Mkristo, yote mawili ni kweli, na nchi hii ina sheria. Nikaomba apigiwe simu Bwana Mkude.

Siku mbili zikapita hivyo. Sheikh na ami walirudi Kisarawe. Baba alibaki siku moja zaidi, akalala kwa mtu anayefahamiana naye, kisha naye akaondoka bila kuniaga, sanda akamwachia muuguzi wa kike aitumie kwa yeyote asiye na kitu. Mimi nilishinda kwenye benchi la barazani. Nilikula ndizi mbivu alizonipa mwanamke mmoja aliyekuwa akimuuguza mtoto. Nilisikia wafagizi wakisema, "Huyo ndiye anayemzuia maiti." Mganga wa zamu alinijia mara mbili, akaniambia kwa huruma kwamba chumba cha maiti ni kidogo na kesho saa sita hataweza tena. Mzee wa Magindu alisikia hayo, akasimama, akawaambia watoto wake wamwinue mama yao. Alipita karibu nami. Hayo ndiyo maneno pekee aliyopata kunipa maishani: "Umemchukua akiwa hai bila kuniuliza. Mchukue na hivyo alivyo." Wakaondoka. Mama aligeuka mara moja tu.

Bwana Mkude alifika asubuhi iliyofuata na nakala ya daftari la ndoa kwapani. Nilimkimbilia. Nilitaka aingie mle ndani aseme neno la serikali, neno zito, wote waone. Alifuta miwani muda mrefu.

"Shomari, sheria iliniruhusu kuwaozesha. Haikunifundisha kuzika."

"Lakini ulisema ni ukumbi. Ulisema wanaingia wote."

"Nilisema. Na mliingia. Sasa nikiwalazimisha wale wazee waingie, nitakuwa nimefanya kile nilichomkatalia baba yako."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kuna makaburi ya halmashauri. Nitaomba kibali."

Nimeishi na jibu hilo miaka mingi, na kila nikilipima naona alikuwa sahihi. Nimewasikia watu, hata wanangu wakibishana mezani, wakisema serikali isiyo na dini ni serikali isiyo na Mungu, na wengine wakisema ingekuwa vizuri dini zikae kimya kabisa mbele za watu. Nawasikiliza tu. Ofisi ile ingekuwa na dini, yoyote kati ya mbili, mmoja wetu asingeruhusiwa hata kuvuka kizingiti. Haikutukosea. Ilitupa mlango, ikatupa karatasi, na ilipobidi ikatupa futi sita za ardhi. Kilichobaki kilikuwa kazi ya watu, na sisi watu tulikuwa tumeshapotezana, mimi na wazee wale, kila mmoja akiwa ameshikilia haki yake kwa mikono miwili hata hakubaki na mkono wa kubebea jeneza.

Makaburi yale yalikuwa nje kidogo ya mji, kando ya pori la michongoma, mahali wanapozikwa wasiotambuliwa. Vibarua wawili wa halmashauri walikuwa wamemaliza kuchimba, wamekaa wanavuta sigara. Tulikuwa watano: mimi, Bwana Mkude, Mzee Binda, Mama Zena aliyepanda magari matatu kutoka Kisarawe akiwa na khanga mpya ya kumfunika, na yule muuguzi aliyenishika bega, ambaye alikuwa ameomba ruhusa ya saa moja. Wanawake wawili wale ndio waliomwosha. Tulimshusha kwa kamba. Kibarua mmoja akashika koleo, akasubiri. Akauliza, "Wazee, hasemi mtu kitu?"

Bwana Mkude akanitazama. Mimi ndiye niliyekuwa mume. Sala za kwangu nilizijua, na nilikuwa nimekataa mbele ya sheikh kumvika zisizo zake. Za kwake sikuwahi kujifunza hata moja. Miezi saba nilimsikia akinong'ona kabla ya kulala na sikuuliza anasema nini. Nilifungua mdomo. Nilitaja jina lake. Halafu nikataja tena. Mzee Binda akaanza kulia kwa kwikwi kama mtoto. Bwana Mkude alisema, kwa sauti yake ileile ya ofisini, "Basi. Funikeni." Udongo ukaanza kuanguka, na ile sauti ndiyo iliyokuwa mazishi yote.

Mama yake Leokadia alifika kesho yake. Nilikuwa nimerudi pale makaburini asubuhi, sikuwa na pengine pa kwenda, nikamwona anakuja peke yake kwa njia ya miguu, kandambili mkononi. Alikuwa ametoka nyumbani bila kuaga, akapata gari la mkaa mpaka barabarani, na hospitali wakamwelekeza. Nilipiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Yuko wapi?"

Nikamwonyesha tuta. Hapakuwa na alama, Mama Zena alikuwa ameweka matawi ya michongoma mbuzi wasipande. Akakaa chini. Akamwita binti yake mwanangu kwa Kisukuma, ng'wanone, ng'wanone, mara nyingi, kisha akatoa rozari akasali mpaka mwisho, nami nikakaa upande wa pili bila kujua niweke wapi mikono. Alipomaliza aliipangusa kwa khanga, akaifunga kwenye pindo.

"Wangapi walikuwepo?"

Nikamwambia watano, na vibarua.

Halafu akasema, bila ukali, kama mtu anayemweleza mwenzake njia aliyopotea, "Ungesema uongo, baba. Wowote. Wa baba yako au wa mume wangu, mimi ningekubali wowote. Mimi ningejua ni uongo, Mungu angejua ni uongo, na yeye mwenyewe angekucheka. Lakini angezikwa na watu."

Nilitaka kumwambia kwamba nilimheshimu. Kwamba yeye mwenyewe Leokadia ndiye aliyesema hatamdanganya Mungu wa mtu. Maneno yote nilikuwa nayo, yamepangwa vizuri kama mafaili. Nikamwangalia yule mama, nyayo zimejaa vumbi la Magindu, na sikuweza kutoa hata moja. Mpaka leo sijui kama nililinda ukweli wa mke wangu, au nilimfanya marehemu ushahidi wa hoja yangu. Siku nyingine naamka najua ni la kwanza. Siku nyingine, nyingi zaidi kadiri ninavyozeeka, naamka najua ni la pili.

Tulikaa pale mpaka jua likawa kali. Nikamsindikiza barabara kuu apate gari la kurudi. Tulisimama kando ya wauza machungwa. Gari liliposimama alipanda, akakaa dirishani, akalifungua kwa shida. Nilidhani atanilaani, na nilikuwa nimejiandaa. Nadhani nilikuwa naitaka laana yake. Akaniinamia.

"Leo utapikiwa na nani?" aliniuliza.

Gari likaondoka.